Jinsi ya kuzisoma dalili za dengi, na kwa nini ya safari hii inaweza isifanane na ile uliyoumwa zamani

Kama unakaa Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa au popote ukanda huu wa pwani, unaijua hii: homa inakushika ghafla, kichwa kinagonga, unaenda zahanati ya mtaani unapimwa malaria haionekani, basi unaambiwa una UTI au taifodi, unapewa mfuko wa dawa unarudi nyumbani. Siku ya nne homa inashuka, kila mtu ndani anashukuru Mungu, na kumbe kama ilikuwa dengi hiyo siku ya nne ndo siku ya kukaa macho kuliko zote. Nimeandika huu mwongozo kwa ajili ya hiyo siku ya nne. Ntaeleza jinsi ya kusoma dalili, jinsi ya kuhesabu siku, na hasa kwa nini mtu anayesema "mimi dengi nilishaumwa, naijua, haina shida" anatakiwa awe mwangalifu kuliko ambaye hajawahi kuumwa kabisa.

Tuanze na virusi wenyewe maana bila hapo mengine hayaeleweki. Dengi inaletwa na virusi vya aina nne, wataalamu wanaviandika DENV-1 mpaka DENV-4, mimi hapa ntasema namba 1, namba 2, namba 3 na namba 4. Ni ndugu lakini sio kitu kimoja. Ukiumwa namba 1 ukapona, mwili unapata kinga ya maisha dhidi ya namba 1, ila dhidi ya hizo tatu nyingine unapata kinga ya muda mfupi tu, baada ya hapo uko wazi. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuumwa dengi mpaka mara nne maishani. Na tofauti na magonjwa mengi tuliyozoea, ambapo mara ya pili mwili ushajua kupigana na unaumwa kidogo, dengi mara ya pili kwa namba tofauti ndo yenye hatari zaidi ya kuwa kali.

Kwa nini inakuwa hivyo? Zile kingamwili ulizobaki nazo kutoka namba ya kwanza zinamtambua kirusi wa namba mpya nusunusu, zinamshika lakini haziwezi kumuua, matokeo yake zinageuka bodaboda, zinambeba kirusi mpaka ndani ya zile seli za kinga ambazo yeye anazitafuta azaliane. Virusi vinakuwa vingi kwenye damu, mwili unajibu kwa fujo, na mishipa midogo ya damu inaanza kuvujisha maji yake nje. Scott Halstead, daktari wa Marekani, ndiye aliyeona jambo hili akifanya kazi Bangkok miaka ya 1960, akashangaa kwamba watoto wanaozidiwa wengi ni wale ambao damu yao inaonyesha walishawahi kukutana na dengi kabla.

Mfano ninaoupenda, kwa sababu unafundisha sana, ni wa Cuba. Mwaka 1977 namba 1 iliingia kisiwani ikaambukiza watu wengi sana, na wengi waliumwa kawaida tu. Mwaka 1981 ikaja namba 2, na hapo ikawa balaa, wagonjwa zaidi ya 344,000 na vifo 158. Halafu mwaka 1997 namba 2 ikaibuka tena mji wa Santiago de Cuba, na timu ya Dk. María Guadalupe Guzmán wa Taasisi ya Pedro Kourí ikagundua kwamba waliozidiwa karibu wote walikuwa watu wazima waliopata namba 1 miaka ile ya sabini, watoto waliozaliwa baadaye hawakuzidiwa. Yaani miaka 20 imepita, mtu ameshasahau kabisa kama aliwahi kuumwa, ila mwili haujasahau.

Sasa rudi nyumbani uangalie sisi tumepitia nini. Mwaka 2010 kuna msafiri aliyetoka Tanzania kurudi Japani na homa, akapimwa kule akakutwa na namba 3. Mwaka 2014 Dar ilipigwa na mlipuko mkubwa wa namba 2. Mwaka 2019 ukaja mwingine, wagonjwa zaidi ya 6,000 na wengi wao Dar, na safari hiyo aliyetawala ni namba 1. Kwa upande wa Kenya, Malindi na Kilifi walipata namba 2 tangu 1982, Mandera walipigwa na namba 3 mwaka 2011, na Mombasa mwaka 2013 walikuwa na namba 1, 2 na 3 zote zinazunguka mji mmoja kwa wakati mmoja. Mtu aliyekaa Dar au Mombasa miaka hii yote, kinga yake imeshachanganyika, na ukimpata leo na homa ya dengi uwezekano kwamba ni mara yake ya pili ni mkubwa, hata kama yeye anakuapia hajawahi kuumwa. Nasema hivyo kwa sababu karibu watatu kati ya kila wanne wanaoambukizwa dengi hawaumwi chochote cha kueleweka, labda uchovu wa siku mbili akasema ni jua.

Kwa hiyo hatua ya kwanza mtu akishikwa homa nyumbani sio kukimbilia dawa, ni kuchukua simu au daftari uandike vitu vitatu: homa imeanza siku gani na saa ngapi takriban, mgonjwa amekaa wapi miaka ya milipuko (2014 na 2019 kwa Dar, 2013 kwa Mombasa, na kama alikuwa Oman, India au kwingine andika), na kama alishawahi kuambiwa ana dengi. Hiyo tarehe ya kuanza homa ni dhahabu, usiache kuiandika, maana ugonjwa huu unasomwa kwa siku. Ile siku homa ilipoanza ndo siku ya 1.

Haya, sasa swali ambalo watu wanauliza sana, je dalili zinaweza kukuambia ni namba gani? Jibu ni kwamba kuna mielekeo, lakini huwezi kukaa sebuleni ukasema hii ni namba 2. Dalili za msingi ni zilezile kwa zote nne: homa ya ghafla inayoweza kufika nyuzi 40, kichwa kuuma hasa mbele, maumivu nyuma ya macho ukigeuza macho pembeni, misuli na viungo kuuma mpaka unahisi mifupa inavunjwa, kichefuchefu, kutapika, mdomo kuwa mchungu, tezi kuvimba, na vipele au wekundu wa ngozi. Mbu akikuuma leo homa inakuja kati ya siku 4 mpaka 10.

Ila ukikusanya wagonjwa wengi tofauti zinaanza kujitokeza. Singapore walipolinganisha watu wazima waliona namba 1 inakuja zaidi na macho mekundu, na namba 2 inakuja zaidi na maumivu ya viungo na plateleti (chembe za kugandisha damu) kushuka chini zaidi, ingawa waliozidiwa zaidi walikuwa wa namba 1. Kule Amerika ya Kusini utafiti mmoja uliona namba 3 inaleta zaidi maumivu ya misuli na viungo pamoja na fujo za tumbo, namba 4 inaleta zaidi vipele na dalili za kifua, kikohozi na mafua, mpaka mtu anaweza kudhani ni flu. Nicaragua kwa watoto waliolazwa, namba 2 ilienda zaidi na mshtuko wa presha kushuka na kuvuja damu ndani, na namba 1 ilienda zaidi na mishipa kuvujisha maji. Thailand wamefuatilia kwa miaka mingi wakaona namba 2 na namba 4 zinapomlaza mtu hospitali mara nyingi ni maambukizi ya pili, wakati namba 1 na namba 3 zinaweza kumzidishia hata mtu anayeumwa mara ya kwanza kabisa. Namba 4 kwa ujumla ina sifa ya upole, ila sifa sio kinga, namba 4 nayo inaua.

Umeona hapo kwamba majibu hayapatani moja kwa moja? Singapore namba 1 ilionekana kuwa kali kuliko namba 2, Nicaragua mshtuko ukawa zaidi upande wa namba 2. Hii inatokea kwa sababu namba peke yake haitoshi. Ndani ya kila namba kuna koo ndogondogo, na koo hizo hazina ukali sawa. Mfano mzuri ni Iquitos huko Peru, mwaka 1995 namba 2 iliingia kwenye mji ambao watu wengi walishapata namba 1, madaktari wakajiandaa kwa yale ya Cuba, na dengi kali haikutokea. Tofauti ilikuwa ukoo: ile ya Peru ilikuwa ukoo wa Amerika, ile iliyosumbua Cuba ilikuwa na asili ya Asia. Namba ileile, historia ileile ya watu, matokeo mbingu na ardhi. Halafu ongeza umri, ongeza sukari, presha, figo, selimundu, ujauzito, ongeza imepita miaka mingapi tangu maambukizi ya kwanza, na pia mpangilio wenyewe, namba ipi imetangulia na ipi imefuata.

Kwa hiyo matumizi ya hizi tofauti kwako wewe mtu wa kawaida ni moja tu: usitegemee dengi ya leo ifanane na ya 2019. Kama ile ilikuja na vipele na hii haina kipele hata kimoja, bado inaweza kuwa dengi. Kama jirani mtaani kaumwa viungo tu akapona na wewe unaharisha na kutapika, bado inaweza kuwa dengi, na inaweza hata kuwa kirusi yuleyule wa jirani, kwa sababu tofauti kubwa zaidi iko kwenye historia ya damu yako na yake.

Sasa kwenye kuhesabu siku, hapa naomba usome taratibu.

Siku ya 1 mpaka ya 3 ni siku za homa. Mgonjwa anaumwa vibaya kweli, analia, anatetemeka, uso unakuwa mwekundu (kwa ngozi nyeusi utaona zaidi kama uso umevimba kidogo na una joto sana), hali chakula. Inatisha lakini mara nyingi sio hapa mtu anapopotea. Hatari ya hapa ni kuishiwa maji, na kwa watoto wadogo degedege la homa.

Kuanzia siku ya 3 mpaka ya 7, mara nyingi ya 4 mpaka ya 6, homa inashuka. Na hapo njia zinagawanyika. Wengi homa ikishuka wanapata hamu ya kula, wanakaa, wanaulizia simu yao iko wapi, hao wanapona. Wachache homa inashuka lakini wao hawanyanyuki, wanazidi kulegea, na hao ndo mishipa imeanza kuvujisha maji ya damu kuingia tumboni na kifuani. Hiki kipindi cha kuvuja ni kifupi, saa 24 mpaka 48, na ndani ya hizo saa ndo mtu anaokolewa au anapotea. Kanuni yangu ni hii: homa ikishuka muangalie mtu, usiangalie kipimajoto. Kama joto limeshuka na mtu ameamka, sawa. Kama joto limeshuka na mtu amezidi kulala, twende hospitali.

Na dalili za kukupeleka hospitali hata kama ni saa nane usiku, hata kama jana yake mlitoka hukohuko wakawaambia mrudi nyumbani, ni hizi:

- tumbo kuuma sana bila kuachia, au kuuma ukiligusa
- kutapika mfululizo, mara tatu au zaidi kwa siku, hakuna kinachokaa
- damu popote: fizi, pua, kwenye matapishi, choo cheusi kama lami, hedhi kutoka nyingi isivyo kawaida
- kuhema haraka au kwa shida
- kulegea kupita kiasi, au kinyume chake, kuhangaika, kutotulia, kuongea vitu havieleweki
- mikono na miguu ya baridi yenye jasho wakati mwili haukuwa na sababu ya kupoa
- kutokojoa kwa saa 6

Hiyo ya mkojo watu wanaipuuza sana. Mwenye dengi akinywa vizuri anatakiwa akojoe kila baada ya saa 4 mpaka 6, basi muulize, na mtoto muangalie nepi. Na moja tu kwenye hiyo orodha inatosha, usisubiri zifike tatu.

Baada ya hapo, akishavuka, maji yanarudi ndani ya mishipa, mkojo unakuwa mwingi, hamu ya kula inarudi, na wengine wanapata upele wa kupona, ngozi nyekundu yenye vidoa vyeupe vidogovidogo katikati, inawasha hasa viganja na nyayo. Kwa ngozi nyeusi ule wekundu hauonekani vizuri, angalia upande wa ndani wa mikono na viganja, bonyeza uone kama panabadilika rangi. Huu upele ni wa kupona usiogope. Uchovu unaweza kukaa wiki kadhaa, usimlazimishe mtu kurudi kubeba mizigo au kufua siku anayotoka kitandani.

Vipimo sasa. Pima malaria kwanza, siku zote, dengi haijafuta malaria na mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Kwa dengi, kipimo cha NS1 kinatafuta kipande cha kirusi mwenyewe, kinafaa siku za mwanzo, siku ya 1 mpaka kama ya 5. Kingamwili za IgM, zile za mwanzo, zinaanza kuonekana siku ya 4 au ya 5 kwenda mbele, kwa hiyo ukipima IgM siku ya pili ikatoka haipo, hiyo sio kusema huna dengi. IgG, yaani kingamwili zinazobaki mwilini muda mrefu, ikionekana juu mapema sana, siku za mwanzo tu za homa, hiyo ni ishara kwamba mwili ulishakutana na dengi zamani na sasa ni mara ya pili, na NS1 kwa mtu wa mara ya pili inaweza isionekane ingawa dengi ipo. Ndo maana ile tarehe uliyoandika ni muhimu, ukifika maabara sema "leo ni siku ya tatu ya homa", wajue wakupime nini. Hivi vipimo vya haraka havikuambii ni namba ngapi, namba inajulikana kwa kipimo cha PCR kwenye maabara kubwa, na mara nyingi ni kwa ajili ya wizara kufuatilia mlipuko, wewe matibabu yako hayabadiliki kwa kujua namba.

Kipimo ambacho naona kina thamani kuliko vyote siku za katikati ni FBP, picha nzima ya damu, na sio ya mara moja, ni ya kurudia kila siku kuanzia siku ya 3. Angalia vitu viwili pamoja: plateleti zinashuka (kawaida ni 150,000 mpaka 450,000) na HCT, yaani kiasi cha chembe nyekundu kwenye damu, inapanda. Plateleti kushuka peke yake ni kawaida ya dengi. Plateleti zikishuka haraka huku HCT inapanda, maana yake maji yanatoka kwenye mishipa na damu inabaki nzito, hapo mtu anatakiwa awe kitandani hospitali anaangaliwa. Huwa nasikitika nikiona familia inazunguka mji mzima kutafuta mtu wa kuchangia plateleti wakati mgonjwa havuji damu popote, na hakuna anayeulizia mkojo wala presha. Wengi dengi inawaua kwa maji kuvuja na presha kuanguka, na dawa ya hapo ni dripu iliyopimwa vizuri, sio nyingi tu, maana ikizidi nayo inajaa kwenye mapafu pale maji yanaporudi ndani.

Nyumbani fanya hivi. Homa na maumivu ni paracetamol tu, mtu mzima gramu 1 (vidonge viwili vya miligramu 500) kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, mtoto kwa uzito wake, miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo, isizidi mara nne kwa siku. Mwenye shida ya ini aulize kwanza dozi yake. Usimpe diklofenaki, usimpe ibuprofeni, usimpe aspirini. Najua diklofenaki ndo inayokimbiliwa viungo vikiuma na duka la dawa watakupa bila hata kuuliza, lakini hizo dawa zinaongeza kutoka damu na zinakwangua tumbo, na kwa mtu ambaye plateleti zimeshuka hiyo ni kumwongezea matatizo. Sindano za makalioni za kushusha homa zikatae pia, zinaweza kuvilia damu ndani ya msuli. Kama mgonjwa tayari anatumia aspirini ya moyo kila siku asiache mwenyewe, ampigie daktari wake siku hiyohiyo.

Maji ya kunywa yasiwe maji matupu tu. ORS, dafu, uji mwepesi, supu, maji ya mchele, juisi ya matunda (mwenye sukari ajihadhari), maziwa, kwa mtu mzima zaidi ya glasi tano kwa siku na anywe kidogokidogo mara nyingi kama anatapika. Ushauri mdogo ambao unasaidia: siku hizi acha juisi ya rozela, bitiruti na soda nyeusi, kwa sababu akitapika hutajua kama ni damu au ni kinywaji. Kuhusu majani ya mpapai, watu wengi wanayaamini, mimi msimamo wangu ni kwamba hayazuii mishipa kuvuja, na kwa mtu anayetapika ule uchungu unamzidishia kutapika, kwa hiyo yasije yakachukua nafasi ya ORS wala ya kwenda hospitali. Antibayotiki haiui kirusi cha dengi, usipoteze hela.

Mgonjwa alale ndani ya chandarua mchana. Ndiyo, mchana. Mbu wa dengi, Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana, hasa asubuhi baada ya kukucha na jioni kabla jua halijazama, na siku za homa mgonjwa ana virusi kwenye damu, akiumwa na mbu hapo, mbu yule atawapelekea wengine wa nyumba hiyo. Halafu zunguka nyumba: ndoo na madumu yasiyofunikwa, simtank yenye mfuniko uliopasuka, tairi, vifuu vya nazi, sahani za chini ya vyungu vya maua, trei ya friji nyuma, maji ya AC yanapodondokea. Mwaga, na ukishamwaga sugua kuta za chombo, kwa sababu mayai yake yanagandia ukutani juu ya maji na yanaweza kukaa makavu miezi mingi yakisubiri maji yarudi. Kila wiki mara moja inatosha, maana yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki hivi na kidogo.

Kabla hujasema ni dengi, jiulize kuhusu chikungunya, maana mbu ni yuleyule na sisi ndo wenyeji wa ugonjwa huo, ulielezwa mara ya kwanza kwa mlipuko wa 1952 na 1953 huku kwetu kusini, nchi ya Wamakonde, na mwaka 2004 ulipiga Lamu ukaambukiza sehemu kubwa ya watu wa kisiwa, ukaenda Mombasa, Komoro, mpaka Reunion. Chikungunya inashika viungo, vifundo vya miguu na mikono vinavimba kabisa na maumivu yanaweza kukaa miezi, lakini mara chache inaleta kuvuja kwa mishipa. Ukiwa huna uhakika ni ipi, fuata kanuni za dengi mpaka vipimo viseme vingine, paracetamol tu, hesabu siku, angalia mkojo, kwa sababu hilo kosa la kuichukulia dengi kama chikungunya na kumpa mtu diklofenaki ndo lenye gharama.

Watoto wachanga nao nataka kuwataja peke yao. Mama aliyewahi kupata dengi anampa mtoto kingamwili akiwa tumboni, mwanzoni zinamlinda, zikianza kupungua, kama miezi 6 mpaka 12, zinafika kile kiwango cha kumbeba kirusi badala ya kumzuia, na mtoto anaweza kuzidiwa ingawa ni mara yake ya kwanza kabisa kuumwa. Mtoto wa umri huo mwenye homa kipindi cha mlipuko asikae nyumbani kusubiriwa, apelekwe siku ya kwanza. Mjamzito vilevile.

Na chanjo, kwa wanaouliza. Ipo, ila historia yake inaonyesha hii habari ya mara ya pili ilivyo nzito. Dengvaxia ilitolewa Ufilipino kwa watoto zaidi ya 800,000, halafu mwishoni mwa 2017 kampuni yenyewe ikatangaza kwamba kwa mtoto ambaye hajawahi kupata dengi, chanjo ile inaweza kumfanya akija kuambukizwa azidiwe, kwa sababu chanjo ilikaa mwilini kama maambukizi ya kwanza. Serikali ikasimamisha. Baadaye imekuja nyingine, Qdenga, ambayo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa watoto wa miaka 6 mpaka 16 sehemu zenye dengi nyingi. Ukiwa unaishi nchi inakopatikana na unafikiria kuchanja kabla ya kuja likizo nyumbani, mwambie daktari wazi kama ulishawahi kuumwa dengi na mwaka gani, hilo ndo litakuwa swali lake la kwanza.

Ukishapona piga picha majibu yako yote, NS1, IgM, IgG na FBP, ziweke kwenye simu na kopi moja kwa mtu wa nyumbani, na pembeni uandike mwezi, mwaka na mji uliokuwa. Siku ukirudi hospitali na homa nyingine sema hivi mapokezi: "Nilipata dengi mwaka fulani, leo ni siku ya pili ya homa, malaria nimepima haipo, naomba FBP leo na nirudi kesho kuirudia." Sentensi hiyo moja itawasaidia kukuweka kwenye foleni inayostahili.